Msiuze Kiwanja Bado



Juma hili naomba tuzungumze jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa ni la ofisi za vyuo vikuu, wala si la ofisi ya parokia. Lakini ninyi mnajua kwamba hakuna jambo la familia lisilofika siku moja kwenye benchi lililopo nje ya mlango wa paroko.

Siku chache zilizopita walinijia baba na mama wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo. Wameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisiwataje. Binti yao alikwenda masomoni Marekani baada ya Kidato cha Sita, na sasa amehitimu shahada ya kwanza ya baiolojia kwa GPA ya 2.7. Tangu utoto wake hajapata kutaja kazi nyingine ila udaktari. Vyuo vya udaktari alivyoviulizia huko vilimjibu kwa upole kwamba alama hizo hazitoshi. Ndipo ikaja barua kutoka chuo kimoja cha visiwa vya Karibea: nafasi ipo, masomo yanaanza baada ya miezi minne, malipo ya kwanza yatangulie. Baba alikuwa na hati ya kiwanja ndani ya bahasha ya kaki, na mnunuzi alikwisha kupatikana. "Baba Paroko," akasema, "tumekuja utubarikie tu."

Sikuubariki mpango ule. Niliwaombea wao na binti yao, kisha nikawaambia: msiuze kiwanja bado. Mama aliinamisha kichwa, na baba akanitazama kama mtu aliyenyimwa maji na jirani. Kwa kuwa najua kwamba wapo wazazi wengine kati yenu wenye bahasha ya namna hiyo kabatini, naona ni haki nieleze sababu zangu hadharani.

Kwanza tuelewane juu ya njia yenyewe. Hapa kwetu kijana aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia katika Kidato cha Sita huweza kuingia moja kwa moja katika chuo cha udaktari, kama vile Muhimbili au Bugando, akasoma miaka 5, kisha akafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Marekani sivyo. Huko mtu hana budi kumaliza kwanza shahada ya miaka 4, akafanya mtihani uitwao MCAT, ndipo aombe chuo cha udaktari cha miaka 4 mingine. Kwa hiyo GPA ya shahada ya kwanza huko hufanya kazi ile inayofanywa hapa na matokeo ya Kidato cha Sita: ndiyo mlinzi wa mlango.

Yule baba alidhani kwamba 2.7 si mbaya sana, maana katika vyuo vyetu, ambako kipimo huishia 5, namba hiyo ni mwanzo wa daraja la pili la chini. Huko kipimo huishia 4, na mashindano ni ya namna nyingine kabisa. Kwa mwaka mmoja huomba nafasi za udaktari wa kawaida takribani watu 52,000, na wanaoingia ni takribani 23,000. Wastani wa GPA ya wanaoingia unakaribia 3.8, na wastani wa MCAT yao unakaribia 512, katika kipimo kinachoanzia 472 na kuishia 528. Ipo pia njia ya vyuo vya osteopathia, ambavyo wahitimu wake ni madaktari kamili nchini humo, wenye ruhusa ileile ya kutibu na kupasua. Huko nako wastani wa wanaoingia ni takribani 3.6. Basi binti yetu hakukosa kwa nukta ndogo. Amesimama mbali na mlango, na upendo wetu kwake usitufanye tuseme uongo juu ya umbali huo.

Mbele ya ukweli wa namna hii huwa wanajitokeza washauri wa aina mbili, na mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Wa kwanza ni yule asemaye, "Mungu akitaka, namba si kitu, omba tu, utapata." Wa pili ni yule asemaye, "Alama zimekwisha kusema. Si wa udaktari huyo, atafute kingine." Wa kwanza anamtumia Mungu ili asipige hesabu. Wa pili anaitumia hesabu ili asimwone mtu.

Washauri wa aina ya kwanza hupenda kumtaja Mtakatifu Yohane Maria Vianney, Paroko wa Ars, msimamizi wetu sisi maparoko. Husema: tazameni, alishindwa Kilatini, akaondolewa seminari, na bado akawa padre na mtakatifu! Ni kweli. Lakini wanakata hadithi katikati. Baada ya kushindwa, Vianney alirudi kwa Padre Balley wa Écully, aliyekuwa akimfundisha tangu awali, akaketi tena chini ya mzee huyo akirudia yaleyale yaliyomshinda. Alipopewa upadre tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na umri wa miaka 29, hakupewa papo hapo ruhusa ya kuungamisha. Alirudishwa kwa Balley kama msaidizi, akaendelea kusoma, na ni mwaka 1818 tu ndipo alipotumwa Ars. Mtu ambaye baadaye watu walisafiri kutoka mbali ili waungame kwake, alianza kwa kuambiwa asubiri. Kanisa halikumfukuza moja kwa moja, wala halikuziweka roho za watu mikononi mwake kabla ya wakati. Lilifanya yote mawili: lilimpa nafasi ya pili, na likaidai nafasi hiyo ilipwe kwa kazi.

Ndivyo ninavyoona jambo hili la udaktari. Tunapolalamika kwamba vyuo vina masharti magumu, tunasahau mtu mmoja ambaye hayupo katika mazungumzo yetu. Huyo ni mgonjwa. Ni mama anayeletwa usiku akivuja damu baada ya kujifungua, na mbele yake amesimama kijana mwenye koti jeupe ambaye hana budi kujua, bila kufungua kitabu, ni dawa gani na kwa kipimo gani. Mama huyo hatauliza habari za ndoto ya daktari wake. Ana haki ya kutibiwa na mtu ajuaye. Kwa hiyo swali lililo mbele ya binti yetu halipaswi kuwa, "Nitapenyaje?" bali, "Je, naweza kuyajua kweli yale ambayo hati yangu inasema sikuyajua?"

Na hapa nawajibu washauri wa aina ya pili. Alama husema kilichotokea. Hazisemi kwa nini kilitokea. Nilipata kuishi miaka 3 masomoni Marekani, na Jumapili nilikuwa nikisaidia katika kanisa la wanafunzi wa chuo kikuu. Niliwaona vijana wetu wa Afrika ya Mashariki wakibeba masomo matatu magumu ya sayansi katika muhula mmoja ili wamalize haraka na kupunguza ada. Niliwaona wakiogopa kwenda kumwona mwalimu kwa saa zake za ushauri, kwa kuwa nyumbani tumewafundisha kwamba anayeuliza sana ni mjinga. Wengine walipata habari ya msiba katikati ya mitihani, wakalia chumbani peke yao. Alama za mtu wa namna hiyo si sawa na alama za mtu aliyelala, au za mtu ambaye kemia imemkataa hata alipotulia na kusaidiwa. Namba yaweza kuwa ileile, 2.7, na maradhi yakawa tofauti. Hakuna tabibu atoaye dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Tuseme basi kwamba chanzo kimejulikana na kinatibika. Dawa yenyewe ni chungu, na haina njia ya mkato. Tupige hesabu pamoja, kama tunavyopiga hesabu ya michango ya ujenzi. Shahada ya kwanza huko ina krediti takribani 120. Mtu mwenye 2.7 amekusanya pointi 324. Akiongeza mwaka mzima wa krediti 30, na kila somo akapata A, atakuwa na pointi 444 juu ya krediti 150, yaani 2.96. Mwaka mzima bila kosa hata moja, na bado hajafika 3.0! Akiongeza miaka miwili ya namna hiyo atafika 3.13. Aidha, katika maombi ya vyuo vya kawaida, somo lililorudiwa halifuti alama ya zamani. Zote mbili huhesabiwa. Vyuo vya osteopathia viliwahi kukubali alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, lakini utaratibu huo ulikoma mwaka 2017. Na alama za shahada ya uzamili huwekwa kando. Hazipandishi zile za shahada ya kwanza.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu wanaosoma maombi hawaoni namba moja tu. Huonyeshwa alama mwaka kwa mwaka, na za masomo ya sayansi peke yake. Anayeshuka kutoka 3.0 hadi 2.4 na anayepanda kutoka 2.4 hadi 3.0 wana wastani uleule, lakini ni watu wawili. Miaka miwili ya A baada ya kuhitimu haifuti yaliyopita. Inatoa ushahidi mpya kwamba mtu amebadilika. Wapo wanaoupata ushahidi huo kwa kurudi kusoma masomo ya shahada ya kwanza, na wapo wanaokwenda katika uzamili maalumu wa mwaka mmoja unaofanana na masomo ya udaktari, kama ule wa Georgetown. Lakini mwenye kuchagua njia hiyo ya pili ajue kwamba akianguka pale, ameanguka mbele ya macho ya wale wale aliotaka wamwamini. Na MCAT si mtihani wa kujaribia bahati. Hauruhusiwi kufanywa zaidi ya mara 7 katika maisha yote, na kila matokeo hubaki yakionekana.

Jambo jingine ni ukweli. Mwombaji anatakiwa kupeleka hati za matokeo kutoka kila chuo alichosoma. Nimesikia kijana akishauriwa na wenzake aache kutaja chuo alichoanzia, kwa kuwa alama za huko zilikuwa mbaya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Udaktari ukianza kwa kuficha matokeo ya mtihani, utaishia wapi siku daktari atakapokosea na mgonjwa akafa?

Sasa nije kwenye kiwanja. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei mwombaji asiye raia wala mkaazi wa kudumu, na baadhi ya vile vichache vinavyopokea hudai uthibitisho wa fedha za miaka yote 4 mapema. Mikopo ya serikali kuu ya huko haitolewi kwa mwenye viza ya masomo. Ndiyo maana barua ya Karibea huwa tamu: haiulizi sana. Sisemi kwamba vyuo vyote vya visiwa hivyo ni vibaya. Wapo madaktari wazuri waliotoka huko. Nasema kwamba kuingia kwa urahisi si kumaliza kwa urahisi, na kumaliza si kupata kazi. Mwaka 2024, katika mgawanyo wa kitaifa wa nafasi za mafunzo hospitalini Marekani, takribani 93 katika kila wanafunzi 100 wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya kawaida vya nchini humo walipata nafasi. Kwa wasio raia waliosoma udaktari nje ya nchi hiyo, walikuwa takribani 58 katika 100. Na hao ni wale waliofika mwisho. Wanaoachia njiani hawamo katika hesabu hiyo, lakini deni lao lipo. Kijana mmoja niliyemfahamu kule aliachia mwaka wa pili. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kuuza.

Kama chanzo cha 2.7 hakijatibiwa, kitapanda ndege pamoja naye kwenda kisiwani. Huko masomo ni mazito zaidi, na safari hiyo italipiwa kwa ardhi ya babu.

Naomba niwaambie jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili wa falsafa seminarini nilianguka vibaya katika mantiki, na Gambera akaniambia nirudie mwaka. Nilikasirika. Nikaandika barua kwa shirika moja la kitawa ambalo nilisikia kwamba halina maswali mengi, nikawa nangoja majibu. Padre mlezi wangu, mzee mpole, aliigundua nia yangu, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, unakimbia somo, au unakimbia aibu?" Sikumjibu siku ile. Ilikuwa aibu. Somo lenyewe niliporudia halikuwa gumu kama nilivyodhani. Kilichokuwa kigumu ni kuketi darasani na wadogo zangu. Mwaka ule wa kurudia ndio ulionifundisha kusoma, na pengine ndio ulionifundisha kukaa na watu walioshindwa.

Swali lilelile niliwaomba wazazi wale wamfikishie binti yao. Maana ipo pia njia ambayo hawakuitaja kabisa, nayo ni kurudi nyumbani. Binti huyu alifanya Kidato cha Sita hapa kwetu na kufaulu vizuri masomo yale matatu ya sayansi, na kwa vyuo vyetu hayo ndiyo yanayoangaliwa kwanza. Yafaa aulizie kama mlango huo bado uko wazi kwake kabla ya kuvuka bahari nyingine. Nilipolisema hilo, mama aliinua macho, lakini baba akasema kwa sauti ya chini, "Watu watasemaje, Baba? Ametoka Marekani kuja kuanza mwaka wa kwanza na watoto?" Naam. Hapo ndipo tulipofika kwenye bei halisi ya kile kiwanja. Kilikuwa kinauzwa ili kununua maneno ya watu.

Nasi wazazi na walezi hatuna budi kujihoji. Ni nani anayetaka udaktari huu? Kuna watoto wanaopenda kweli kuwahudumia wagonjwa, na kuna watoto wanaopenda kutowavunja moyo wazazi waliokwisha kuwaita "daktari" tangu chekechea. Njia ya kupima ipo: ampate mgonjwa wa kumhudumia sasa, kabla ya cheo. Ajitolee hospitalini au katika nyumba ya wazee, asafishe, asukume vitanda, akeshe. Anayeona raha ya kazi hiyo bila kuitwa jina lolote, huyo avumilie miaka ya kurekebisha alama zake, nasi tumsaidie. Anayegundua kwamba alichokipenda ni jina, amegundua mapema na kwa bei nafuu. Uuguzi, maabara, famasia na afya ya jamii si mabaki ya meza ya madaktari. Ni wito kamili, na hospitali isiyo na watu hao hufungwa siku hiyo hiyo.

Namkumbuka pia mwanafunzi mwingine wa kanisa lile la chuo. Alihitimu na GPA inayofanana na ya binti yetu. Hakuwa na haraka. Alifanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa wodini mchana, akasoma somo moja au mawili jioni kila muhula, kwa miaka mitatu. Maombi yake ya kwanza yalikataliwa kote. Ya pili yalikubaliwa na chuo kimoja cha osteopathia. Yeye alikuwa mkaazi wa kudumu, jambo lililompa nafasi ambayo mwenye viza ya masomo hana, nami sitaki kulificha hilo. Lakini aliponiaga aliniambia kwamba kilichomfikisha ni kuacha kuuliza lini ataingia, na kuanza kuuliza leo amejua nini.

Basi ushauri wangu kwa familia hii, na kwa nyingine zilizo katika hali kama yake, ni huu. Kwanza, mtoto aseme ukweli wote wa hati yake, muhula kwa muhula, na wazazi wasikilize bila kufoka. Pili, chanzo kijulikane na kitibiwe kabla ya kuomba popote. Tatu, apewe mwaka mmoja wa kusoma masomo machache magumu na kuwahudumia wagonjwa. Matokeo ya mwaka huo yaamue, si hamu yetu wala hofu yetu. Nne, kiwanja kikae. Kama baada ya hayo yote ushahidi utasema aendelee, mimi mwenyewe nitasimama kwenye jumuiya kuwaomba mchango, na nitakuwa wa kwanza kutoa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi ambaye koleo lake limevunjika hukaa kwanza akatengeneza koleo. Haingizi mkono mtupu motoni ili watu waone kwamba bado ni mhunzi.

Juzi baba yule alinipigia simu. Walizungumza na binti yao kwa saa mbili, na kwa mara ya kwanza aliwaeleza juu ya muhula ule wa msiba wa bibi yake, ambao hakuwahi kuusema. Bado hawajaamua njia. Mnunuzi ameambiwa asubiri, naye amekasirika kidogo. Tuwaombee, na tuwaombee vijana wetu wote wanaosoma mbali na nyumbani, hasa wale ambao juma hili wamefungua matokeo yao na hawajui watamwambia nani.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Paroko wenu.